Sura ya Saba: Nimewata Ndia

Tik. Tik-tik. Tik.

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikicheza juu ya maziwa kule chini kwa Bi Hindu, na nyumba nzima ilikuwa bado giza, kwa kuwa umeme wa Amu, kisiwani Lamu, ulipotea tangu magharibi na haukuwa na nia ya kurudi. Inspekta Nkatha aliteremka ngazi akipapasa ukuta, binti yake Kendi amelala begani, mate ya mtoto yakimlowesha shingo. Ndivyo ilivyokuwa kila alfajiri ya zamu. Alimshusha mtoto angali usingizini, akamlaza kwenye kitanda cha Bi Hindu mwenye nyumba, ndipo akashika njia ya kituoni. Bi Hindu hakuwahi kununa, hata ile siku Kendi aliposhikwa na homa akalia kutwa. Mama yake Nkatha alikuwa mbali, Meru. Huku pwani alipewa mama mwingine bila kuomba, na kila alipomtua mtoto kwenye mto ule wa sufi alijisemea moyoni ahsante, kwa sababu akisema kwa sauti Bi Hindu humfokea.

"Mlaze taratibu," Bi Hindu alinong'ona. "Kisha nitazamie maziwa. Mikono yangu ina unga."

Nkatha aliingia jikoni. Hakuwa amelala vizuri, na ile tik-tik ilikuwa ikimgonga kichwani. Akakibana kifuniko barabara juu ya sufuria. Kelele ikakatika.

"La, la, mwanangu! Usikibane. Wata ndia!"

Mkono wa Nkatha ukabaki pale pale juu ya kifuniko.

"Umesema nini, Bi Hindu?"

"Wata ndia. Maziwa yatafura yamwaike yote."

"Hiyo 'wata ndia' ina maana gani hasa?"

Bi Hindu alicheka gizani. "Umekaa Amu mpaka mwana wako asema Kiamu kukupita, na kuwata huyui? Acha njia. Wata upenyo kidogo hapo ukingoni, mvuke upite."

"Si kusema mtu amekosea? Kwamba amepotoka?"

"Aliyepotoka amepotea ndia. Au sema amewata ndia ya Mngu, hapo utafahamika. Mimi nataka tundu la mvuke tu, na wewe wanitilia dini."

Maziwa yakafura chini ya kiganja cha Inspekta, akaruka nyuma akipuliza vidole. Bi Hindu alimpaka asali palipoungua, akimwita mtoto mkubwa asiye na akili, lakini Nkatha hakuwa akisikiliza. Alikuwa akisikia sauti ya mwanamume mmoja, jana alasiri, mbele ya meza ya OCS, mkuu wa kituo.

*Mimi nimewata ndia, Bi. Wallahi nimewata ndia.*

Mwanamume huyo alikuwa Ubaid, fundi wa sakafu kutoka Mbwajumali, kisiwani Pate. Kijijini kwao shirika moja lilijenga nyumba ya kusubiria uzazi, ambapo wajawazito kutoka mbali hukaa siku zao za mwisho karibu na zahanati. Wanawake hao hulala mikekani, na saruji ina baridi inayopanda mpaka kiunoni, kwa hiyo shirika likaamua chumba kitandikwe mbao. Hazikuwa mbao nzima. Zilikuwa mbao za tabaka, juu mvule, chini plaiwudi nyembamba zilizogundishwa kwa kupishana, na zilitoka msitu unaokatwa kwa zamu na kupumzishwa, mti ukitoka mwingine unapandwa. Kila ubao ulikuwa na muhuri wa msitu wake mgongoni. Mahoteli ya Shela yangezipokea mbao kama hizo usiku wa manane bila kuuliza zimetoka wapi.

Sakafu ilifunguliwa kwa dua na halua. Upepo wa kusi ulipoanza kuleta unyevu, ikainuka katikati ya chumba kama nundu. Bi Nerea, msimamizi wa mradi, alikuja polisi na kauli moja: mbao za kweli hazifanyi hivi, kwa hiyo za kweli zimeuzwa na hapa zimewekwa bandia. Ubaid akakamatwa. Alipoulizwa, akajibu yale maneno yake, na Konstebo Crispus, kijana wa Bungoma, akamgeukia OCS akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi mapema.

"Amekubali, afande. Anasema ameacha njia. Anatubu."

Nkatha alikuwa amesimama pale pale, na hakubisha. Leo mchana Ubaid angesimama mbele ya hakimu kama mwizi. Akisha kusomewa wizi, nani tena angempa nyumba yake aitandike?

OCS alimsikiliza akinywa chai ya rangi. "Yaani kesi nzima inageuka kwa sababu ya sufuria?"

"Kwa sababu ya neno, afande. Niruhusu niende naye eneo la tukio aonyeshe."

"Mahakama ikikaa na mshukiwa hayupo, utasimama wewe kizimbani."

"Nitakuwa nimerudi."

Kabla ya kushuka gatini walipitia ghala la Abdulghafur, mwuza mbao, maana jana Crispus aliona pale, chini ya turubai, mbao za rangi ile ile ya mvule. Hilo lilikuwa tegemeo lake la pili. Abdulghafur aliwafungulia mlango akiwa na mswaki mdomoni.

Nkatha alivuta ubao mmoja, akaugeuza kwenye mwanga, akautazama kichwani ulipokatwa. Mishipa ya mti ilikwenda moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Hapakuwa na tabaka wala gundi. Mgongoni hapakuwa na muhuri, wala palipopigwa randa kufuta muhuri.

"Hii ni mbambakofi ya mlango, Bi," Abdulghafur alisema, akatema. "Mbao nzima, mti mmoja. Huyu kijana wako jana amenitangaza mtaa mzima kuwa ni mwivi wa sakafu. Mato yake ameyawata wapi?" Akajigusa jicho.

"Mzee, nilikuwa nafanya kazi yangu," Crispus alisema.

"Ifanye. Lakini ifanye na mato."

"Tusamehe, Bwana Abdulghafur," Nkatha alisema. "Na ahsante kwa kutufungulia mapema."

Mzee akalainika kidogo, akawaambia waende salama.

Botini, Ubaid alikaa katikati, pingu mikononi, akitazama vidole vya miguu yake. Nahodha alipotoka kwenye kina cha Manda na kuilekeza pua ya boti kaskazini, Nkatha alisogea akakaa mbele yake.

"Ubaid. Ndia uliyoiwata ni ipi?"

Ubaid aliinua uso. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, ndevu chache, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Leo ndiyo waniuliza?"

"Leo ndiyo nimesikia."

Akamtazama kwanza, kama anayepima kama swali lile lina mtego. "Ndia ya mbao, Bi. Mbao hizi zina pumzi. Kusi likiya na unyevu, zatanuka. Ukizibana na ukuta, zende wapi? Zitapanda yuu. Basi n'liwata ndia pande zote za chumba, upana wa kidole, n'kaifunika na skatin, ule ubao mwembamba wa ukingoni. Kwa mato huioni. Lakini iko."

Crispus alikohoa. "Sasa si ungesema tu 'nafasi', ndugu yangu?"

"N'lisema kwa ulimi wangu. Na wewe ukanambia nimetubu."

Nahodha aliangua kicheko, akajifanya anakohoa kwa sababu ya moshi wa injini. Crispus aligeukia mikoko, na hakuigeukia boti tena mpaka minara ya Pate ilipopita.

Walipofika Mbwajumali watu walikuwa wameshaona boti ya polisi. Kati yao alikuwa Rawiya, mkewe Ubaid, na bintiye Nasreen, wa umri sawa na Kendi, amevaa gauni la sikukuu siku isiyo ya sikukuu. Ubaid alisita kusimama. Crispus alivua koti lake la mvua akalitupa juu ya mikono ya mshukiwa, likazifunika pingu mpaka kwenye viwiko.

"Kuna upepo," Crispus alisema. Hapakuwa na upepo wowote.

"Ahsante," Ubaid alisema.

Nasreen akaja mbio.

"Wata kukimbia, mwanangu, utaanguka," baba yake alimwambia, naye akaacha kukimbia, akaenda ubavuni pake ameshika pindo la koti la polisi.

Bi Nerea aliwapokea mlangoni mwa nyumba ya uzazi. Alikuwa mwanamke mrefu wa Kisumu, miwani juu ya kichwa, sauti iliyochoka. "Inspekta, mbona umemrudisha huku? Nilidhani yuko kwa hakimu."

"Bado. Nataka uangalie nami."

"Niliangalia. Nilisimama mbele ya hawa akina mama nikawaahidi sakafu ya kuwatosha maisha. Sasa wamerudi kulala kwenye saruji ya zahanati. Wananisalimia kwa adabu, hawanilaumu hata kidogo. Ndiyo inaniuma."

Waliingia. Chumba kilinukia nta na udi. Katikati sakafu ilikuwa imeinuka mpaka mtoto akilala angeweza kujificha nyuma yake, na mbao za juu zimeachana. Nkatha alichomoa mmoja, akaupindua. Muhuri ulikuwepo. Akamtuma Crispus stoo alete kasha la akiba ambalo halijawahi kufunguliwa, akalikata utepe mbele ya Bi Nerea, akaulaza ubao mpya kando ya ubao wa nundu.

"Tazama kichwani, ulipokatwa. Mvule juu. Halafu?"

Bi Nerea alishusha miwani. "Tabaka. Zinapishana."

"Na huu ulioinuka?"

"Hivyo hivyo." Akaupindua mwenyewe, akasugua muhuri kwa kidole gumba, akaupindua tena. "Si bandia."

"Basi hakuna kilichoibwa."

"Basi ni uzembe," Bi Nerea alisema, ingawa polepole zaidi. "Zinatakiwa nafasi ukutani, hilo hata mimi nalijua. Hakuiacha. Nilibandua skatin pale kona kwa mkono wangu. Mbao zimeshikana na ukuta."

"N'liiwata!" Ubaid alisema kwa sauti. Nasreen akaruka.

"Ubaid," Nkatha alisema, si kwa ukali. "Tunaitafuta."

Alipiga magoti kando ya ukuta wa pili, ambao hapakuwa na mtu aliyeugusa. Kabla ya kuingiza patasi, alipitisha kidole juu ya skatin, msumari baada ya msumari.

"Crispus, unaona nini hapa?"

"Msumari."

"Na pembeni yake?"

Konstebo aliinama mpaka pua ikakaribia ubao. "Tundu jingine. Limejazwa nta." Akasogea. "Na hapa. Na hapa pia."

"Ubaid, wewe ulipigilia mara ngapi?"

"Mara moja, Bi. Kwa nini nitoboe mara mbili?"

Nkatha aliingiza patasi, skatin ikabanduka. Nyuma yake palikuwa peupe na pagumu, kama Bi Nerea alivyosema. Ukuta wa chumba ulikuwa mweupe vile vile, jicho lingeapa ni ukuta huo huo unaoendelea. Alitoa ufunguo wa nyumbani mfukoni akaukwaruza weupe ule. Unga laini ukadondoka. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akakunja uso.

"Chokaa. Ukuta huu ni wa saruji iliyopakwa rangi. Chokaa imetoka wapi?"

Akachimba hadi kipande kizima kikang'oka, akakigeuza. Upande wa chini wa kile kipande palikuwa na kitu cha kahawia kimeganda, kama binzari ya pilau.

"Huu ni unga wa nini?"

"Wa msumeno," Ubaid alisema. "Ni mvule. N'kikata mbao za mwisho hapa hapa ukutani."

"Chokaa iko juu ya unga, Crispus, au chini?"

"Juu."

"Kwa hiyo?"

Crispus alikuwa ameanza kutabasamu bila kujua. "Msumeno ulitangulia. Chokaa ilikuja nyuma. Na kabla haijaja, hapa palikuwa na..." Akamtazama Ubaid. "Ndia."

Ubaid alikaa chini, pale pale aliposimama, akaegemea ukuta akafumba macho. "Alhamdulillahi," alisema. Rawiya, kutoka mlangoni, alilirudia neno hilo, na wanawake waliokuwa nyuma yake nao.

"Mtu ameiziba," Bi Nerea alisema. "Amebandua, ameziba, amerudishia. Kwa makusudi."

"Adui yake," Crispus alisema. "Fundi mwenzake aliyekosa kazi. Madam, niwakusanye mafundi wote?"

Nkatha alikuwa akipitisha kidole juu ya chokaa iliyobaki. Ilikuwa laini kama bakuli la kauri. Penye kona, mahali ambapo skatin ilikuja kufunika na jicho la mwanadamu halingefika tena, fundi yule alikuwa amezungusha mwiko akalainisha hata hapo.

"Adui angekanyagia kokoto na matope, akaondoka," alisema. "Huyu amekaa hapa kwa subira. Kazi hii imefanywa na mtu anayependa."

"Anayempenda nani?"

"Hilo ndilo nitakalouliza."

Jana asubuhi, walipokuja kumkamata Ubaid, yeye na Crispus walisimama mbele ya wanakijiji hawa hawa wakauliza nani ameharibu sakafu, na kila mtu akatazama miguu yake. Sasa alitoka nje, amekishika kile kipande cha chokaa kwenye kiganja, akawaonyesha wanawake upande uliolainishwa.

"Mama zangu, namtafuta fundi aliyeifanya kazi hii. Nataka kumwambia ahsante. Sijaona chokaa iliyolainishwa hivi hata Amu."

Wakakipokea, kikapita mkono kwa mkono. Mja mzito mmoja alikisugua shavuni.

"Hii? Si mkono wa Babu Badawi huu?"

"Ni wake," mwingine alisema. "Hapana mwenye mwiko kama ule."

"Mwiteni babu, aambiwe ahsante."

Akaletwa. Alikuwa mwashi mzee, mwembamba, shuka kiunoni na fulana iliyofuliwa mpaka ikawa nyepesi, chokaa imo kwenye makucha yake siku zote kama hina ya bibi harusi. Alipoona kipande mkononi mwa Inspekta, alitahayari kama mtoto aliyekutwa akifanya jambo zuri kwa siri.

"Nani amesema? Kazi kama ile haisemwi, mwanangu."

"Niambie mimi tu, babu. Tukae ndani."

Wakaingia. Mzee alivua ndara mlangoni, akatembea kando kando ya ukuta asiikanyage nundu.

"Mjukuu wangu alizaa hapo zahanati," alisema. "Yeye na mwanawe, wote wawili walikuwa washakwenda. Wakarudi. N'kataka kushukuru, na mimi sina kitu ila mikono hii. Basi n'kaya siku moja kabla ya ufunguzi, nifagie tu. N'kaona ukingo mmoja umelegea, n'kautengeze. N'naona nini? Tundu! Chumba kizima, sakafu haikufika ukutani. N'kasema, masikini, Ubaid amekosa vipimo. Kesho wageni wanakuya na kamera zao, atahayarike mbele ya mkewe na mwanawe." Alikunja mikono miwili, kama anayefunika kitu kidogo kisipigwe na mvua. "N'kamsitiri."

"Hukumwambia?"

"Ukimwambia mtu umemsitiri, hapo hujamsitiri tena."

"Na sakafu ilipoinuka? Na alipotiwa pingu?"

"Niseme nini, mwanangu? Nende polisi nikawambie kijana huyu kweli hayui kupima? Nimwongeze aibu? N'linyamaza. Usiku wote n'limwombea."

Crispus alifungua mdomo, Nkatha akamtazama, akaufunga. Kulikuwa na njia nyingi za kulisema jambo hili, na nyingi zingemvunja mzee. Nkatha alichagua ile aliyopewa alfajiri jikoni kwa Bi Hindu.

"Babu. Ubaid hakukosa vipimo. Mbao hizi zatanuka kusi likija. Aliziwatia ndia."

"Aliziwatia ndia," Badawi alirudia.

Macho yake yalikwenda kwenye kipande cha chokaa, kisha polepole yakaivuka sakafu mpaka kwenye nundu, yakabaki hapo.

Bi Nerea ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa ameshatoa simu. "Namba ya OCS, Inspekta. Nataka kuondoa malalamiko yangu kabla mahakama haijakaa. Makasha ya akiba yatatosha hapa katikati, nimeyaona." Akasita. "Na hii chokaa itatolewaje?"

"Ni kazi ya patasi tu," Ubaid alisema kutoka ukutani alikokaa.

OCS aliongea na Bi Nerea, kisha na Nkatha, maneno machache, na la mwisho lilikuwa "mfungue." Crispus alilitoa koti lake mwenyewe. Ufunguo ukageuka. Ubaid alijisugua vifundo vya mikono, akainuka, na wanawake waliokuwa wakimshukuru Mungu kwa sauti wakapunguza, wakapunguza, mpaka wakanyamaza, kwa sababu alikuwa akienda alikosimama Badawi.

Ubaid alikuwa amelala korokoroni. Jina lake lilikuwa limefika Amu na Shela likiwa na neno mwizi mbele yake. Nkatha alisogea hatua moja, endapo ingebidi kuwatenganisha.

Ubaid alimshika mzee mkono, ule wenye chokaa makuchani, akauinamia akaubusu.

"Ahsante, babu," alisema. "Ni nani mwingine aliyesitiriwa kwa kazi nzuri kama ile? Kesho utanisaidia kuitoa. Mimi patasi yangu ni nzito, nitaumiza ukuta."

Badawi aliinamisha kichwa, na hapo watu wote waliomo chumbani wakapata shughuli. Wanawake wakaanza kuzifunga upya leso zilizokuwa zimefungwa vizuri. Bi Nerea alikwenda dirishani akafuta miwani yake. Crispus aliitazama dari kama anayesoma. Nkatha alizikunja pingu, akazikunjua, akazikunja. Hakuna aliyeona kitu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa asione.

Nasreen peke yake ndiye aliyebaki pale, baina ya miguu ya baba yake, ameinua uso kumtazama mzee.

"Babu yualia," alisema.